Kadi ya kuogelea kambini, na mimi nje ya lango

Jamani, leo hapa Brussels nimezuiwa kwenye lango la kambi ya jeshi, mtoto mgongoni na mvua juu!

Mume wangu aliumia uti wa mgongo akiwa askari. Kadi yake ya ulemavu inamruhusu kuogelea kwenye bwawa la kambi, na maji ndiyo yanampunguzia maumivu. Nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu toka kituo cha basi.

Askari wa langoni akampigia saluti.

"Karibu, mkuu. Ila mkeo abaki nje, hana kadi."

"Haya, msukume wewe," nikamwambia.

"Siwezi kuacha lango, madame."



Mume wangu akacheka. "Turudi, Mama Neema. Utanikanda nyumbani."

Mimi sikucheka.

Wenye waume kama wangu hapa Brussels, nyie mnaingiaje?