Dumu la Jumatatu ya Pasaka

Siku ya kwanza kununua mdalasini kwa Winfrida, mizani yangu ilikuwa inakula nusu kilo katika kila kilo kumi, na mdalasini wake ulikuwa umenyunyiziwa maji alfajiri. Nilivunja kijiti kimoja. Kikapinda, hakikulia.

"Huu umeoga leo," nikamwambia.

"Na mizani yako imeshiba, Mama Sabra. Tukapimie kwa jirani."

Nikacheka, tukaelewana. Kwa miaka sita nilitoka Morogoro mjini kupanda Matombo kila msimu wa mvua, wakati ganda linapoachia mti kirahisi, na sikupata mbanduaji kama yeye. Kwake ganda lilitoka zima, refu kama mkono, likajikunja lenyewe juani. Wengine waliniuzia vipande vya kusaga.

Alikuwa mlevi. Alianza na gongo kabla ya chai, mikono itulie aweze kushika kisu. Na mumewe, Dominiko, alikuwa anampiga. Sikuuliza kipi kilitangulia. Alinieleza mwenyewe siku moja tukifunga magunia. Alianza kupigwa akiwa mzima, akanywa ili asisikie. Siku hizi anapigwa kwa sababu amekunywa.

Kilichonishangaza ni kwamba Dominiko hakuwa na hata mgomba mmoja pale. Kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama. Miti ile ilikuwa ya ukoo wa Winfrida. Mwanaume alikuja kuoa akitokea Mlali na begi moja.

"Si umfukuze?"

"Anayefukuza ni mjomba. Na mjomba Lukasi amesema hasikilizi shauri la mlevi."

Mwaka juzi mzee Lukasi alilegea, akatoa sharti. Winfrida akae Kwaresima nzima bila kunywa, kisha Jumatatu ya Pasaka aje mbele ya ukoo. Akija mkavu, Dominiko anaondoka. Lakini kwao mwenye shauri ndiye anayeleta pombe ya wazee. Baraza haliketi bila kitu cha kunywa. Winfrida hakuthubutu kupika kangara, akae jikoni na chungu kinachochachuka. Akaniomba mambo mawili: nipeleke dumu la pombe, na niseme mbele ya wazee niliyoyaona kwa macho yangu. Nami nikadai changu: Dominiko akiondoka, mdalasini wote ni wangu kwa misimu mitatu, mnunuzi mwingine asikanyage. Tukapeana mikono. Ilikuwa siku yake ya kumi na tisa bila kunywa.

Alizimaliza zote. Wiki ya mwisho nilimkuta amekonda, anakunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama.

"Nimeanza kusikia maumivu ya zamani," aliniambia, akijishika ubavuni. "Huu ubavu sikujua kama ulivunjika."

Basi, nikakosea. Mimi ni Mwislamu, pombe haijaingia nyumbani kwangu, sijui inavyokaa na mtu. Kwangu lile lilikuwa dumu la lita ishirini, sawa na dumu la mafuta ya taa. Kondo, bodaboda wangu, alikuwa anapanda Jumamosi kufuata ndizi, na Jumatatu ya sikukuu angetaka nauli mara mbili. Nikamwambia alipeleke siku hiyo hiyo, aliache kwa Winfrida. Ningemwambia aliache kwa mzee Lukasi, lakini kwa Lukasi kuna mteremko mwingine wa tope.

Yaliyotokea Winfrida alinisimulia baadaye. Jumapili, watu walipotoka misani, Dominiko alivuta kigoda akakaa kando ya dumu, akachota kikombe.

"Pasaka njema, mke wangu. Kwaresima imeisha."

"Hiyo ni ya wazee."

"Wazee wengi, na mimi mmoja. Nitaimaliza tu. Kesho utawapelekea dumu tupu, wakuone ulivyo." Akamsogezea kikombe. "Au tusaidiane."

Winfrida alikaa na harufu ile hadi adhuhuri. Kisha akanywa. Na alipokwisha kunywa, akataka kunyanyua dumu apeleke pombe iliyobaki kwa mjomba, Dominiko akampiga mchi kwenye mkono wa kulia.

Jumatatu nilipofika alikuwa ameketi mkekani mbele ya ukoo, mkono umefungwa kwa kanga, ananuka. Dominiko alikuwa amenyoa, na shati lake limepigwa pasi.

"Winfrida," mzee Lukasi alisema, "pombe yetu iko wapi?"

Akaupakata mkono wake uliofungwa.

"Nauliza, mwanangu, kwa sababu naisikia harufu yake."

Watu wakacheka. Halafu mzee akanigeukia. "Na wewe, mama, tumeambiwa una la kusema."

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na jino lake nililoliona kwenye kizingiti, na siku aliyonipimia mzigo kwa jicho moja, la pili limevimba kwa kipigo. Lakini nilimtazama mzee, nikaona ameshaamua. Nikamtazama Dominiko, nikaona nani atakayeniuzia mdalasini msimu ujao.

"Mimi mnunuzi tu, mzee. Ya ndani mwao siyajui."

Winfrida hakunitazama. Mzee Lukasi akasema shamba liwe chini ya Dominiko mpaka mwanamke apate akili. Walau yeye anapalilia.

Basi mdalasini napata wote, kama nilivyotaka. Haujanyunyiziwa maji, Dominiko hana akili hiyo. Lakini unatoka vipande vipande, nauuza kwa wasagaji bei ya chini. Yeye ameezeka bati. Vidole viwili vya Winfrida havijikunji, kisu hakishiki tena.

Mara ya mwisho nilimkuta kibarazani, nikauliza kama bado anapigwa.

"Siku hizi si sana," alisema. "Gongo ananiletea mwenyewe."