Mwantumu wa Mkata, kata isiyotoa siri ya mtungi

Saa mbili asubuhi, Mkata, wilayani Handeni. Mabasi yanapiga honi barabarani, na ndani ya ofisi ya bima ya afya Mwantumu Rehani anafungua kabati la mafaili. Ufunguo wake haukai mezani. Anauvaa shingoni, chini ya ushungi.

Anatunza kumbukumbu za wanachama: nani katibiwa wapi, kwa ugonjwa gani. Sheria inamkataza kumwambia asiyehusika. Kuisoma sheria ni rahisi, jamani. Kuishi nayo katikati ya ndugu ndiyo kazi.

Huku, posa ikipelekwa, wazee humchunguza mchumba kwanza. Mwaka jana mdogo wake, Jabiri, alipoposa binti wa Mashewa, shangazi yao, Bi Rukaya, alifunga safari hadi ofisini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe. Huyo binti ana maradhi?"

"Faili la mtu silisemi, shangazi."

"Basi sema tu hana neno, nikalale."

Hapo ndipo penye mtego. Karani aliyemtangulia alikuwa na huruma; wachumba wazima aliwasemea "hana neno". Siku alipokaa kimya kuhusu binti mmoja, kijiji kizima kikaelewa, posa ikavunjika.

"Nikilisema kwa mzima, nimeshamtaja mgonjwa," anasema Mwantumu. "Kwa hiyo silitamki kwa yeyote."

Hata kwa damu yake! Moyo wa namna hiyo unatoka wapi?

Bi Rukaya alisusa. Salamu zikakatika, na harusini Mwantumu hakupewa hata kitenge cha sare. "Nililia," anakiri.

Yaliyofuata anayasimulia Bi Rukaya mwenyewe, bila kuulizwa. Mwaka huu aliugua, akaja kufungua faili. Dirisha la karani mwingine lilikuwa wazi.

"Nikakaa kwenye benchi, nikamngoja Mwantumu," anasema. "Nilijiambia, huyu alininyima mimi shangazi yake. Yangu atampa nani?"

Anaumwa nini? Mwantumu anatabasamu tu na kufunga kabati.

Sasa anaiomba ofisi imjengee chumba chenye mlango, maana dirishani mtu akitaja ugonjwa wake benchi zima linasikia.

"Shangazi ilibidi aninong'oneze, mtu mzima yule," anasema. "Nataka siku nyingine aingie, aketi, aseme kwa sauti yake."