Yeye Alisoma, Mimi Nilichapa

Biashara ilipofunguliwa na vitenge kutoka Dubai vikaanza kumiminika Kariakoo, tajiri wetu, Mhindi aliyeuza vitambaa kwa jumla, alinunua kompyuta mbili. Moja ilikuwa na majedwali ya mzigo wa stoo. Nyingine ilikuwa na databesi, ambamo kila mteja aliunganishwa na mzigo wake. Zenyewe hazikusikilizana, basi sisi wawili ndio tuliokuwa waya. Yeye, kijana wa Kichaga mwenye sauti ya kwaya, alisoma mstari kutoka kwenye jedwali. Mimi nilichapa, kisha nikajibu, "Sawa." Bila sawa yangu hakwenda mstari unaofuata. Jioni alizifunika kompyuta zote mbili kwa vipande vya kitenge, maana vumbi la Kariakoo halina adabu.

Nilimpenda kwa kumsikiliza.

"Mama wa Buguruni, kitenge cha maua, majora matatu. Halafu leo umependeza."

"Hiyo ya kupendeza niiweke safu gani?" nilimuuliza, nikijifanya mkali.

Alicheka mpaka tajiri akachungulia. Tulishakubaliana alete posa nyumbani. Baba alikuwa na sharti moja tu, mwanamume awe na kazi.

Ndipo akaja fundi na programu yake, inayoyachukua majedwali na kuyaingiza yenyewe kwenye databesi. Tajiri hakuzunguka mbuyu. Programu isipokosea, atabaki mtu mmoja, na huyo ni mimi, kwa sababu databesi niliijua mimi.

Siku ya majaribio tulikaa kama kawaida. Yeye asome jedwali, mimi nitazame kama mstari umefika salama. Tajiri alisimama nyuma yangu. Nilimwomba Mungu kosa, hata dogo. Kwani mashine gani hiyo isiyokosea? Niliitukana kimoyomoyo, nayo haikujali, kila kitu kilikuwa mahali pake. Sawa. Sawa. Nilikuwa namfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Aliposoma mstari wa mwisho, nilinyamaza.

"Sema tu, dada," alisema taratibu. Mbele ya tajiri aliniita dada siku zote. "Nauona hapo. Uko sawa."

"Sawa," nikasema.

Alizima kompyuta yake, akaifunika. Yangu niliifunika mwenyewe.