Handaki la maji chini ya wadi, na jinsi nilivyomshuku ami yangu

Wakuu, kwema? Wakubwa zangu shikamooni, vijana nawaona.

Miaka mingi humu mimi ni msomaji tu. Leo nimeamua na mimi niweke langu. Sitii chumvi. Nilichobadilisha ni majina, na kijiji sikitaji kwa sababu wajukuu wa hao watu wapo na simu wanazo.

Ni Oman, upande wa Sharqiyah, si mbali na Ibra. Mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Mimi mzaliwa wa Unguja. Nilifika Oman miaka ya sabini, kijana, Kiarabu changu cha chuoni, cha kusomea Kurani tu. Nikapokelewa na ami yangu, ndugu wa baba, nitamwita Khalfan. Yeye alishawahi kuweka duka Pemba ujanani mwake, akarudi kwao zamani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini cha kale, cha taratibu, chenye adabu mpaka mkeka unaona haya kukaliwa.

Sasa kabla sijaendelea, kwa wasiojua mambo ya kule.

Vijiji vya bara ya Oman vinaishi kwa falaji. Falaji ni mfereji uliochimbwa chini ya ardhi tangu enzi za mababu, unatoa maji chini ya milima na kuyaleta mpaka mashambani, bila mashine yoyote. Maji yana wenyewe. Kila familia ina zamu yake, na zamu inauzwa, inarithiwa, watu wanagombana kwayo kama viwanja Kariakoo.

Falaji yetu ilikuwa na kikwazo kimoja. Ilibidi ivuke wadi. Wadi ni mto mkavu, changarawe tupu mwaka mzima, halafu mvua ikinyesha milimani unashuka ukuta wa maji unaobeba mpaka gari. Wazee wakachimba handaki. Maji yanazama kwenye shimo ukingo wa huku, wa upande wa milima, yanapita chini ya wadi, yanapanda tena ukingo wa pili, yanaingia kijijini. Mji mzima ulitegemea koo hilo moja.

Na koo lilikuwa limezeeka. Kila mafuriko yakipita, tope linaingia, maji yanakatika, mitende inasinyaa.

Ndipo serikali ikakubali kujenga handaki jipya la zege pembeni ya lile la zamani. Ikaja kampuni ya ujenzi, na injinia wa Kihindi, bwana mmoja mpole aitwaye Thomas. Kiarabu hajui. Wanakijiji Kiingereza hawajui. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo Mombasa, nikachukuliwa kuwa mkalimani.

Hapo ndipo shaka zilipoanza, na za kwanza zilikuwa juu yangu mimi.

Kule sisi tuliotoka Afrika tuliitwa Wazinjibari wote, hata aliyezaliwa Tabora au Bujumbura. Nikipita, maneno yanakatika. Siku moja nikamsikia mtu aitwaye Hilal akiwaambia wenzake, "Huyu Mzinjibari ndiye anayejua walichoandikiana serikali na kampuni. Sisi tutaambiwa nusu." Wengine wakisema handaki jipya ni hila, maji yatageuzwa yapelekwe kambini kwa wanajeshi.

Sikuwalaumu sana. Mtu anayekushikia koo lazima umwangalie mikono.

Likaitishwa baraza. Wao wanaliita sabla, chumba cha wanaume, kahawa na tende, viatu mlangoni. Injinia akaeleza, nami nikafasiri: la zamani litaendelea kufanya kazi mpaka jipya liwe tayari, kisha maji yahamishwe, la zamani lijazwe mawe. Ila kwanza anataka kuingia ndani ya la zamani alikague.

Wakili wa falaji, yaani msimamizi wake, mzee Saud, akatikisa kichwa kukubali.

Ami Khalfan akasimama.

"Handaki la wazee halina ubovu," akasema. "Mimi ndiye ninayelitengeneza. Hakuna haja ya mtu kuingia."

Watu wakatazamana. Hakuna ubovu? Msimu uliopita tu tulikaa bila maji mpaka watu wakauza mbuzi!

Wakuu, nikatulia nikaanza kukumbuka mambo. Ami ndiye aliyepewa kazi ya kuziba nyufa za handaki, na alikuwa anaingia peke yake. Mtu akijitolea kumsaidia, anamwambia abaki juu ashike kamba. Halafu alikuwa na bustani ukingo wa huku, mbali na mashamba ya mji, bustani isiyo na zamu ya falaji hata kidogo. Ana kisima na pampu ya dizeli tu. Visima vya wenzake vikikauka, chake kina maji. Mitende ya watu ikiwa rangi ya mchanga, yake inang'aa.

Yeye akisema ni rehema ya Mungu.

Jioni ile nyumbani akaniambia kwa Kiswahili, wake zake wasielewe, "Sleiman, mwanangu, huyo Mhindi mwambie mle ndani kuna nyoka."

"Wapo kweli, ami?"

"Mwambie tu."

Sikumwambia. Usingizi ukanikataa. Huyu ndiye aliyenilisha na kuniozesha, na moyo wangu unaniambia ni mwizi wa maji. Kule mwizi wa maji ni mbaya kuliko mwizi wa mbuzi.

Siku moja kabla ya ukaguzi maji yakageuzwa huko juu, pampu ya injinia ikanyonya yaliyobaki handakini. Kesho yake tukashuka, mimi na Thomas, kwa ngazi, na taa. Ami hakuja. Alisema mgongo unamuuma.

Ndani ni pembamba, unakwenda umeinama, matone yanakudondokea shingoni. Kuta zimepakwa saruji. Si hii ya mifuko, ni saruji yao ya asili, udongo unaochomwa na kusagwa. Kila penye ufa palikuwa pamezibwa vizuri, kazi safi. Nikaanza kuona haya kwa dhana zangu.

Tulikuwa bado hatujafika katikati ya wadi Thomas alipopiga magoti.

Chini ya ukuta, upande wa bustani ya ami, kulikuwa na mdomo wa bomba la udongo. Limelazwa kwa ustadi, saruji imezungushwa pembeni kama mtu anavyopaka siagi kwenye mkate. Humo ndimo maji yalimokuwa yakitoka handakini, yakiingia kwenye changarawe, yakipotelea huko.

"Hili halikubomoka," akasema Thomas. "Hili limewekwa."

Nikamjibu ndiyo, naona.

Tulipotoka juu nikamkuta mama mmoja ananisubiri kwenye jua. Bi Zuwena. Mjane, katoka Tabora na watoto wake, Mwarabu kwa baba yake lakini Kiarabu hajui. Yeye na familia nyingine za waliorudi walijengewa nyumba ukingo wa huku wa wadi, kwa sababu ukingo wa pili ardhi yote ina wenyewe. Zamu ya falaji hawana. Walikuwa na kisima kimoja tu.

"Mwanangu," akaniambia, "mmefanya nini huko? Tangu jana ndoo inarudi na mchanga. Kisima chetu kimekufa."

Nikageuka nikatazama. Kisima chao kiko hatua chache tu na cha ami. Bomba lilikuwa likinywesha vyote viwili.

Nilikwenda moja kwa moja kwa ami. Yuko barazani, mgongo hauumi wala nini, anamenya komamanga.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Mmeona nyoka?"

"Nimeona bomba."

Akaendelea kumenya. "Basi umeona. Kunywa kahawa."

"Ami, kesho nitatakiwa kulisema hilo mbele ya watu. Nikinyamaza, Hilal atakuwa kasema kweli juu yangu na juu ya sisi sote."

"Mimi nimekukataza kusema?" Akanitazama. "Mkalimani ni mdomo wa mtu. Kaseme."

Jambo moja tu nililotaka kusikia hakulisema. Alilitia kwa ajili ya mitende yake, au kwa ajili ya wale watu? Kwa ajili ya nani? Nikaondoka bila kugusa kahawa.

Kesho yake sabla ilijaa mpaka mlangoni. Thomas akaeleza, mimi nikafasiri neno kwa neno. Nilipofika kwenye bomba, wakili Saud akauliza, "Nani?"

Sikulazimika kujibu. Ami Khalfan akasimama.

"Mimi. Ng'ambo kule kuna watu wanakunywa. Mlitaka wafe kiu na nyinyi mnaoga?"

Hilal akadakia: "Na pampu yako, ewe Khalfan? Nayo ni mjane? Nayo ina mayatima?"

Watu wakacheka kicheko kibaya. Ami akakaa. Wengine wakaanza kupiga kelele, alipe, atengwe, handaki lizibwe leo leo.

Hapo pakawa na vurugu mlangoni. Mwanamke haingii sabla ya wanaume, lakini kizingiti si ndani. Bi Zuwena alisimama pale kizingitini na ndoo yake, akaimwaga. Mchanga mtupu, rojo.

Akasema kwa Kiswahili, na ami akainamisha kichwa. Ikabidi nifasiri mimi.

"Sikuja kuwauliza nani kaiba. Hayo yenu. Nimekuja kuuliza mkishaziba, mimi nichote wapi? Niambieni mahali. Hata pakiwa mbali niambieni, niwahi kutoka."

Nikafasiri. Hata Hilal akatazama mkeka.

Mzee Saud akaweka kikombe chake chini. Halafu akasema sheria wanayoijua wote: maji ya kunywa hayana zamu. Panapotokea falaji juu ya ardhi, kila kiumbe ana haki ya kunywa. Tatizo falaji yetu ilitokea ukingo wa pili, na wadi ikijaa wale wa huku hawavuki.

Akanigeukia. "Muulize huyo injinia. Anaweza kuyafungua maji ukingo wa huku, kabla hayajazama?"

Nikamuuliza. Thomas akasema inawezekana, ni ngazi za kushukia majini na birika la kuchotea tu.

Wakakubaliana, lakini kwa sharti. Ami Khalfan avuliwe kazi ya handaki, na pampu yake ing'olewe. Akasema, "Khalas, yamekwisha," akachukua bakora yake akatoka.

Handaki jipya likajengwa kiangazi kile. Siku ya kuhamisha maji kijiji kizima kilikuwa wadini, na wengi, wallahi, walikuwa wanasubiri yasitokee ili waseme si tuliwaambia. Yakatokea ukingo wa pili, machafu kwanza, kisha meupe. La zamani likajazwa mawe. Bi Zuwena na wenzake wakapata ngazi zao.

Bustani ya ami ikafa taratibu. Kila nikipita najisikia vibaya, kisha najiambia si mimi niliyetia bomba. Yeye hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililozidi kunitia shaka. Mtu aliyeonewa si angelalamika?

Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya themanini ami akaugua ugonjwa aliojua hatopona. Nikawa namuuguza. Mchana mmoja nikajikaza.

"Ami, naomba radhi nikuulize. Bomba lile ulilitia kabla ya wale watu kuja, au baada?"

Hakusita.

"Kabla. Nililitia kwa mitende yangu. Watu wakaja, wakachimba kisima, kikatoa maji, wakamshukuru Mungu. Nikaona haya kuliziba. Ndiyo hivyo tu."

Nikalia wakuu. Nikasema afadhali, nimeujua ukweli, shaka imekwisha.

Kwenye matanga yake Bi Zuwena alikuja na sinia la wali. Nikamsimulia, kwa kudhani nampa amana. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Mwongo mkubwa marehemu! Alilitia baada. Watoto wangu walikuwa wanaharisha kwa maji ya madimbwi, nilikwenda kulia mlangoni kwake. Nilimuona kwa macho yangu akishuka shimoni na bomba amelifunga kwenye kikoi. Akaniapisha nisiseme."

"Basi kwa nini aniambie vile?"

"Nijuaje? Labda hakutaka umfanye walii. Au labda mimi ndiye mwongo," akasema, akajifunika shela yake, akaenda kukaa na wanawake wenzake.

Wakuu, mpaka leo sijui. Mmoja wao alinidanganya, na wote wawili hawakuwa na faida yoyote ya kudanganya.

Nilichojifunza ni kwamba shaka inaweza kukufikisha mpaka kwenye bomba. Kuna bomba kweli, umeliona kwa macho yako. Lakini haikufikishi kwenye nia ya aliyeliweka. Nilidhani vitu hivyo viwili ni kimoja, na kwa kudhani hivyo niliacha kikombe cha kahawa cha mzee wangu kikapoa.

Haya, uwanja ni wenu. Mngekuwa nyinyi mngemwamini nani, marehemu au Bi Zuwena? Na kama mna wazee waliotoka Sharqiyah au Dakhiliyah wenye visa vya falaji, waulizeni mtuletee. Matusi hapana, mtu ameshatangulia mbele ya haki.