Ukili wa Vyumba Kumi na Tisa

Kwa miezi minane nilikuwa nimelala chumba kimoja, jambo ambalo halikuwahi kunitokea tangu nimalize kidato cha nne. Kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya mama mdogo, mtaa wa Amani hapa Unguja, mahali ambapo kukiwa na mpira uwanjani huwezi kusikilizana na mtu aliye jikoni. Begi langu lilikaa nyuma ya mlango na sikuwahi kulitoa vitu vyote. Nilichukua shati la siku hiyo, likafuliwa, likarudi begini. Mama mdogo aliliona lile begi kila alipokuja kufagia. Alilisogeza, akafagia chini yake, akalirudisha.

Kazi yangu ilikuwa kuchora vibao: majina ya maduka, saluni, vinyozi, bei za soda. Kazi hiyo ilinipeleka Tanga, Mombasa, Lamu, Maskati na Moroni, na kila mahali nilikaa mpaka nikaanza kuzijua sauti za majirani, kisha nikaondoka. Siwezi kusema nilikuwa nakimbia kitu. Ilikuwa tu kwamba nikiujua mji, miguu inaanza kuwasha. Na nikishauacha, naanza kuutamani. Moroni nililia kwa ajili ya Lamu, na Lamu nilikuwa nimekaa nikilalamika.

Marehemu mama alianza kusuka ukili wake mwaka nilioondoka mara ya kwanza. Kwa asiyejua, mkeka hausukwi mzima. Husukwa kwanza ukili, ukanda mwembamba na mrefu wa ukindu, kazi ya kufanywa uani huku mtu anazungumza na wenzake. Ukitimia urefu unaotosha, huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Mama alisema ule wa kwangu ataushona siku nitakayorudi nikakaa. Ulipotimia urefu wa mkeka mmoja, mimi nilikuwa Mombasa. Akaendelea kusuka. Ulipotosha mikeka miwili nilikuwa Maskati. Alifariki nikiwa Moroni, na nilifika nyumbani khitma imeshasomwa. Nikakabidhiwa ukili umeviringwa kama gurudumu la gari, mzito, wa kubebwa kwa mikono miwili.

Nilizunguka nao katika safari zangu miaka mitatu. Niliporudi Unguja safari hii, kazi za vibao zimekwisha, kila mtu anachapisha bango kwa mashine, nikawa nimekaa barazani na kalamu ya wino mweusi na sina cha kuandika. Ndipo nilipoufungua ule ukili nikaanza kuchora juu yake vyumba nilivyolala. Kitanda, dirisha, msumari wa kutundikia shati, doa la maji ukutani. Chumba cha Tanga pale mama alipoanzia, ambapo msuko umekaza kama ngozi. Kisha kila baada ya hatua chache, chumba kingine. Nilivihesabu kumi na tisa. Mwishoni, ambapo vidole vyake vilikuwa vimechoka na msuko umelegea, palibaki kipande kitupu.

Niliposikia kwamba kuna maonyesho ya sanaa ya kanda yetu, ya pwani na visiwa, na kwamba kazi zitachaguliwa na waamuzi watatu, nilichukua fomu. Niliutandaza ukili njiani nipate kuupima. Ulitoka barazani kwetu, ukafika duka la pembeni na kukata kona, na wenye vespa wakasimama kungoja nimalize. Nilipiga picha, nikaandika vipimo, nikaandika kwamba ukili huo utazungushwa kuta zote nne za ukumbi, ili mtu akitaka kuuona wote imbidi atembee. Baada ya wiki tatu wakanijibu kwamba nimepita hatua ya kwanza. Kazi yenyewe iletwe Jumatano kabla ya saa tisa alasiri, waamuzi waione kwa macho na kutoa uamuzi wa mwisho.

Sasa niseme nililokuwa nimelificha. Rafiki yangu wa Moroni alikuwa ananiita, amefungua karakana ya kupaka rangi majahazi na magari, na alitaka jibu wiki ile ile. Nikajiwekea ahadi kimoyomoyo: wakiukubali ukili, nitakaa Unguja. Wakiukataa, naondoka. Nililiona ni jambo la haki, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujiamulia mwenyewe.

Mtu mwenye ahadi kama hiyo hakai nyumbani. Jumatatu nilimwambia mama mdogo, "Mama, niangalizie ukili wangu. Jumatano unakwenda kuonyeshwa watu." Nikatoka. Nilikwenda Mbweni kwa fundi aliyeniahidi vigingi vya kuuning'inizia, nikavipata saa hiyo hiyo, lakini sikurudi. Niliteremka mpaka ufukweni, nikapanda tena, nikalala kwa fundi. Jumanne nikaenda Makunduchi bila sababu yoyote ila kwamba sijafika siku nyingi. Nikazunguka huko, nikala kwa watu, nikalala. Jumatano asubuhi nikarudi Amani na vigingi vyangu ndani ya mfuko.

Mama mdogo alikuwa uani na jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke mcheshi aliyekuwa ananiita bwana arusi kwa kuwa nimepita arubaini na sijaoa. Wote wawili walikuwa na shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka. Mbele yao ulikuwa umetandikwa mkeka mkubwa uliofunika ua wote, kutoka mlango wa jiko mpaka ukuta wa choo.

"Umekuja," alisema jirani. "Tumekutoa aibu, bwana arusi. Vidole vyetu hivi havishiki kijiko."

Nilikitazama chumba cha Tanga. Ubavuni pake palikuwa na chumba cha Moroni, kimoja kichwa juu na kingine kichwa chini. Niliuliza nani aliwaambia washone, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Wewe si umesema unakwenda kuonyeshwa watu?" alisema mama mdogo. "Ukili hauonyeshwi watu. Ukili ni kazi ya uani. Watu wanaonyeshwa mkeka."

Nilieleza habari ya kuta nne, ya picha niliyopeleka, ya vipimo. Walinisikiliza kama wanavyosikilizwa wagonjwa wa homa. Nikaingia ndani nikatoka na wembe, nikapiga magoti kwenye ncha ya mkeka. Nyuzi zilikuwa za ukindu, zimepita ndani kwa ndani, huwezi kuona zinapoanzia. Mama mdogo hakunishika mkono. Aliweka shazia chini.

"Kata," alisema. "Lakini nijibu kwanza. Mamaako alisema utashonwa siku utakayokaa. Mimi nimeona miezi minane unalala hapa, nikasema basi, mtoto kakaa. Nimekosea?"

Jirani akajitia kukusanya makombo ya ukindu. Mimi nilibaki na wembe. Nikajiambia kwamba hata nikikata, saa zilizobaki hazitoshi kufumua siku mbili za mikono ya wanawake wawili. Hiyo ilikuwa kweli, lakini sicho kilichouzuia mkono wangu.

Tuliuviringa mkeka, nikajitwisha kichwani, nikaanza safari ya mjini kwa miguu. Sikujua kwamba nimejitafutia balaa jengine. Mwanamume akipita na mkeka mkubwa mchana, Unguja, watu wanajua anakwenda kwenye msiba kutandika. Hatua chache tu kutoka nyumbani mzee mmoja akanipa mkono na kusema "Poleni." Penye mafundi wa baiskeli wakaniuliza nani amefariki na maiti inatoka saa ngapi. Nilisema hakuna msiba, nakwenda kwenye maonyesho. Wakatazamana. Darajani mwanamume mmoja alinifuata na kandambili zake mpaka karibu na soko, ananishauri nisifiche, maana kuzika ni jambo la watu wote. Nilipofika upande wa Forodhani nilikuwa nimepokea rambirambi za kutosha ukoo mzima, na kwa vile nilimkosa mama siku ya kuzikwa kwake, nilijikuta kwa wale wa mwisho naitikia tu, "Tumeshapoa." Sikuwa naongopa sana.

Ukumbi ulikuwa ghorofani katika jengo la zamani, sakafu ya mawe, kuta zimepakwa chokaa mpya. Karani alitazama fomu, akanitazama mimi, akatazama mkeka, akaniambia nisubiri. Waamuzi walikuja wote watatu: mzee mmoja wa hapa mjini aliyekuwa mwenyekiti wao, mwanamke kutoka Mombasa, na mwanamume wa makamo kutoka bara. Yule wa bara aliuliza utatundikwa wapi. Nikasema hautundikwi. Nikautandika chini.

Mzee alivua viatu bila kufikiri, kama mtu yeyote wa hapa anapoona mkeka. Mwanamke akavua. Yule wa bara akawatazama, akainama kufungua kamba za viatu vyake. Wakapanda juu ya mkeka na soksi zao, kisha wakapiga magoti, kwa sababu michoro ni midogo. Walitambaa kutoka chumba hadi chumba, wakigeuza vichwa, na mimi nilisimama ukingoni na vigingi vyangu ambavyo havikuwa na kazi tena. Niliona kitu ambacho sikukichora. Nilikuwa nimevipanga vyumba kama njia, kila kimoja nyuma ya mwenzake, na sasa vilikuwa vimekaa pamoja kama nyumba moja yenye wapangaji wengi. Dirisha la Maskati lilifungukia kwenye kitanda cha Lamu.

"Hiki ni Mombasa?" aliuliza yule mwanamke. Nikamwambia mtaa. Alicheka kidogo, akasema alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Kisha akauliza cha pembeni yake ni cha wapi, nikasema Moroni, naye akataka kujua kwa nini nimekiweka hapo.

"Sikukiweka mimi. Wamekiweka mama mdogo na jirani yake."

Walitoka nje kuzungumza, nami nikakaa juu ya mkeka, peke yangu ukumbini, kwa mara ya kwanza. Nilihesabu madirisha. Nilisimama, nikazunguka, nikakaa tena. Waliporudi, mzee ndiye aliyesema, na alisema bila kuzungukazunguka, jambo ambalo nililishukuru baadaye.

"Kazi nzuri, wallahi. Lakini siyo uliyoiandika. Picha ni ya ukili, fomu ni ya ukili, na jina ni la mtu mmoja. Asubuhi tumemrudisha mwenzako kwa sababu hiyo hiyo. Tukikupokea wewe, yeye tutamwambia nini?"

Nikaviringa mkeka. Mwanamke wa Mombasa alinisaidia upande mmoja, na tulipofikia chumba cha mtaa wao alisita kidogo kabla ya kukifunika.

Nilirudi kwa njia ya nyuma nisipewe pole tena. Ahadi ilikuwa wazi: wamekataa, naondoka. Njiani nilipanga kila kitu, nitamwandikia rafiki yangu jioni ile, nitauacha mkeka kwa mama mdogo. Ajabu ni kwamba miguu haikuwasha. Ilikuwa imechoka tu, kama miguu ya mtu yeyote aliyebeba mzigo kutoka Amani mpaka mjini na kurudi.

Nilipowaambia, jirani alisema hao waamuzi basi macho hawana, akaenda zake kupika. Mama mdogo aliupokea mkeka kichwani mwangu. Alinisaidia kuutandika tena uani, maana ndani hakuna chumba cha kuuweka, akakaa juu yake na kunyoosha miguu.

"Ni sisi," alisema.

Nusu nzima ya moyo wangu ilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Ni fomu, Mama."

Alipapasa ukingo. Hawakuwahi kuutia taraza, ule ukanda unaofunga mkeka pande zote, kwa hiyo mwisho wa ukili wa marehemu ulikuwa bado unaning'inia, umelegea. Akauliza mbona kipande hiki hakina picha. Nikamweleza kwamba chumba nakichora nikishaondoka, ndipo ninapokiona vizuri. Nilipokuwa nasema niligundua jinsi neno hilo lilivyosikika.

"Kwa hiyo changu utakichora ukiwa Moroni," alisema. Sikujua kama amesikia habari ya Moroni au amebahatisha tu mji. Sikuuliza.

Niliingia chumbani kuchukua kalamu. Kutoka pale nikatazama: kitanda, chandarua kilichofungwa fundo, dirisha lenye wavu uliotoboka pembeni. Niliona taabu kubwa. Kitu kilichopo mbele yako kina mambo mengi mno, hujui uache lipi. Nilirudi uani nikachora, nikaenda kutazama tena, nikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka mama mdogo akasema nitamtoboa sakafu. Uwanjani walikuwa wameanza mpira.

Alipokuja kusimama nyuma yangu nilikuwa nimefika kuchora mlango.

"Na hilo begi nalo?"

"Si lipo, Mama?"

Alilitazama kwa muda, la kwenye mkeka na, akichungulia nyuma ya mlango, lile la chumbani.

"Basi lichore dogo," alisema, akaenda kutafuta ukindu wa taraza.