Khumra ya Haja Riya

Wanawake wa mtaa wa Wad Nubawi, Omdurman, walijua jambo moja juu ya Sittana: hakuwahi kuwatengenezea watu wawili khumra ya aina moja. Khumra ni manukato ya wake za watu; msichana asiyeolewa akijipaka, mama yake atasemwa. Kwa hiyo kila aliyeingia uani kwake na chupa tupu ama alikuwa na mume, ama alikaribia kumpata, ama aliogopa kumpoteza. Sittana alimkalisha, akamnusa shingo bila haya, akauliza kama mume anavuta sigara au anaweka tumbaku mdomoni. Ndipo alipoanza kutwanga sandali, karafuu, mbegu za mahlabi na miski. Unga aliufukiza kwa moshi wa mti wa talhi, akautia mafuta, akaufunga chupani mpaka uive.

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, Haja Riya, na hakufundishwa kwa upole. "Mkono wako mzito, binti," bibi huyo alimwambia mwaka baada ya mwaka, huku akimwachia kazi ya kuosha vinu. Haja Riya alikuwa na mtoto mmoja tu, Babikir. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi, mama yake alimkatia nyama sahanini mbele ya mkewe, na kumwita "baba'angu". Bibi alipokufa, Sittana alingoja arobaini ipite. Kisha alifua mapazia, akaanika magodoro juani na kufukiza udi chumba kwa chumba, hadi nyumba ikaacha kunukia mama mkwe. Babikir alitazama yote hayo kwa macho makavu. Hata mazikoni hakulia.

Babikir alikuwa dalali wa ufuta na karanga. Alasiri moja alirudi kutoka sokoni, akavua kanzu na kuitundika msumarini. Sittana aliitwaa aifue, akabaki amesimama nayo. Begani palikuwa na harufu ya mwanamke, na harufu yenyewe ilikuwa kazi ya mikono yake: sandali nyingi, karafuu kidogo, na sukari iliyochomwa kwenye makaa, ufundi alioubuni mwenyewe. Khumra hiyo aliitengeneza mara moja tu, kwa ajili ya mtalaka mmoja wa mtaa wa Al-Thawra aliyekuwa anaolewa tena, mshonaji wa sare za shule aitwaye Tumadir. Yule mwanamke alicheka sana siku ile. "Hebu niambie, mama," alimuuliza, "wanaume wa umri wa mzee wako wanapenda nini?" Naye Sittana, kama fundi, alimjibu ukweli mtupu.

"Babikir."

"Naam."

"Tumadir hajambo?"

Babikir alikuwa anakunywa maji. Aliendelea kunywa mpaka bilauri ikaisha, kisha akaikodolea macho kana kwamba kuna kitu kimebaki ndani.

"Nani kakwambia?"

"Bega lako."

"Sittana, dini imeniruhusu. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

"Omdurman nzima imejaa wauza manukato, ukamleta kwangu?"

"Wallahi sikumleta! Alisikia sifa zako huko huko kwao."

"Sifa zangu," alisema Sittana. Aliikunja ile kanzu vizuri sana, mshono juu ya mshono, akampa. "Mpelekee aifue yeye. Sabuni yangu itaharibu kazi yangu."

Ndoa yenyewe aliitarajia kwa namna fulani. Waume wa rafiki zake walikwisha kuoa tena. Kilichomkata maini ni kwamba khumra ile ilikuwa nzuri. Alimpa mwanamke mwingine kilicho bora kabisa mkononi mwake, na mumewe akakipenda huko. Miaka yote aliyojipaka nyumbani, Babikir hakuwahi kusimama mlangoni akavuta pumzi.

Wiki ikagawanywa kati ya nyumba mbili. Sittana aliona mambo madogo madogo. Babikir alinyoa ndevu siku ya kwenda Al-Thawra. Kwake alirudi na ndevu zinazochoma. Akienda, aliimba kwa sauti ya puani akitafuta viatu. Siku zisizo za zamu yake, shimo la mafusho uani kwake, ambalo mke hulikalia kujifukiza akimngoja mumewe, lilibaki baridi, na mtaa uliozoea kuuona moshi huo alasiri ulielewa vizuri kwa nini haupandi.

Jirani yake Bakhita, muuza kahawa, alimjia na ushauri.

"Nenda kwa fakii akuandikie aya ubaoni. Unaosha wino, mwanamume anakunywa maji yake, anarudi amelegea kama mkate wa kisra."

"Babikir hanywi hata dawa ya malaria. Atakunywa wino?"

"Basi huyo mwanamke akileta chupa, mtilie kitunguu saumu."

"Halafu mji mzima useme mkono wa Sittana umeoza? Hapana, mwanangu."

Chupa ikaja kweli, na Tumadir aliileta mwenyewe, amejitanda thobu la rangi ya ndimu.

"Salaam aleikum, dada mkubwa."

"Mimi si dada yako."

"Basi mke mwenzangu."

"Kaa. Wewe huna haya hata kidogo."

"Haya ninayo, ila khumra sina," alisema Tumadir. "Nilijaribu mkono mwingine. Babikir kaniambia nanukia kama duka."

Sittana alifurahi kusikia hivyo, na kufurahi huko kukamuudhi zaidi. Alimwinamia, akamnusa shingo. Shingo ilikuwa changa, haina mkunjo. Hapo hapo wazo likamjia.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya harusi," alisema. "Hii itakuwa ya nyumba."

Akamtengenezea khumra ya Haja Riya. Karafuu zilizopita kiasi, mahlabi ya zamani, sandali ya kugusia tu, na tone la mafuta ya karkar, yale ambayo wanawake wazee hujipaka nywele. Alipima kwa kiganja kama alivyofundishwa, akafukiza bila haraka. Ilikuwa khumra isiyo na kasoro na hakuna ambaye angemlaumu. Sittana alitaka jambo moja tu, Babikir arudi awe wake peke yake. Mwanamume gani, alijiuliza, atamkumbatia mke anayenukia mama yake?

Zamu ya kwanza ya Tumadir baada ya hapo, Babikir alirudi Wad Nubawi kabla hata magharibi haijaadhiniwa. Akaketi kitandani, akashika kichwa. Sittana akamwekea kisra na mchuzi wa bamia.

"Huko hawakupika?"

"Wamepika."

"Mbona hukula?"

"Sijui. Nimeketi tu, nikashindwa kutulia."

Zamu iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Sittana alichoma udi, akajipaka hina, akaanza naye kuimba kwa sauti ya puani. Kisha Babikir akaanza kwenda Al-Thawra hata siku zisizo za Tumadir. "Napita tu," alisema. Safari hizo hakunyoa ndevu. Sittana akamtuma Bakhita, ambaye ana ndugu huko, akachungulie.

"Amelala uani mchana kutwa," Bakhita alileta habari, "kama mtoto aliyetoka kutahiriwa. Mwenzio anamkatia nyama."

"Anamkatia nyama?"

"Vipande vidogo vidogo. Na analia, Sittana! Mwanamume mzima! Analia, anakula, anasimulia habari za mama yake, mara anacheka."

"Na yeye Tumadir?"

"Anamsikiliza. Huku anashona."

Bakhita alipoondoka, Sittana alikwenda kwenye rafu. Kichupa kimoja cha khumra ile kilikuwa kimebaki. Zamu yake ilipofika aliwasha shimo mapema, akaketi juu ya moshi amejifunika blanketi mpaka ngozi ikawa rangi ya asali. Akajisugua, akajifuta. Kisha akajipaka khumra ya Haja Riya nyuma ya masikio, shingoni na viganjani. Ilikuwa kama bibi kizee amemshika mkono tena na kumwambia ni mzito. Alivumilia. Kama ni mama anayemtaka, alijisemea, hata huku yupo.

Babikir aliingia na mfuko wa machungwa. Akasimama mlangoni. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Sittana hakuwahi kuiona katika ndoa yao yote. Sittana alisogea, akamkaribia.

Babikir akafumbua macho, akatazama huku na huku uani.

"Kumbe Tumadir yuko hapa?" aliuliza, akatembea kumpita, akachungulia chumbani.