Bi Mifuko na Paka Wake Arobaini na Mmoja

Saa moja kasoro robo asubuhi, na suruali ya kwanza ya siku inapinduliwa mifuko. Wa kulia una tiketi ya basi iliyokunjwa mara nne. Wa kushoto una leso na ganda la peremende. Wa nyuma hauna kitu. Dobi anaitupa suruali kwenye toroli la nguo nyeusi na kuvuta nyingine bila hata kuitazama.

"Na wewe," anamwambia mwandishi wa makala haya, "hiyo kalamu itoe kwenye mfuko wa shati. Ikivuja humu ndani, nitakayeulizwa ni mimi."

Kalamu inatoka haraka.

Hapa ni chini kabisa ya hoteli ya ghorofa tisa, katika chumba chenye mashine nne za kufulia, mbili za kukaushia, na dirisha moja la juu linaloonyesha viatu vya wapita njia. Kilo mia moja na themanini za nguo na mashuka hupita hapa kila siku. Kila chenye mfuko hupita kwanza mikononi mwa mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili, ndiyo maana hoteli nzima, kuanzia mlinzi hadi meneja, inamwita Bi Mifuko.

Ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Mshahara wake wa mwezi, anasema huku akicheka, hautoshi kulala siku tatu kwenye chumba cha ghorofa ya juu. "Lakini mashuka yao nimeyashika kuliko waliolipia kuyalalia."

Sasa, huyu dobi ana jambo lake. Anakusanya sarafu za dunia, na si sarafu zozote tu. Anataka zenye paka. Paka na ukoo wake wote: simba, chui, duma, puma, na wale wa misitu ya baridi wenye vishungi vya manyoya masikioni.

"Wafalme siwataki, wote wanafanana pua," anasema. "Ndege nao nawagawa. Bawabu akiniletea paka mmoja nampa ndege wawili, tumemalizana."

Sarafu zake hazikai kwenye albamu. Alichukua shuka la hoteli lililochakaa, akalishonea vijifuko arobaini na viwili, saba kwenda chini na sita kwenda kando, kila kimoja na kifuniko chake cha kukunja. Arobaini na kimoja vina paka. Cha mwisho, pembeni chini kulia, kiko wazi, na habari yote hii inahusu kijifuko hicho.

Yote yalianzia kwa mama yake. Bibi huyu, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa, alikuwa mtunza ghala la nafaka, na paka wa ghala walikuwa jeshi lake. Alikuwa akiwaita mmoja mmoja, na wakija anawapapasa kwa zamu ili asionekane ana mpendwa wake. Miaka kumi na moja iliyopita presha ya macho ilimwondolea uwezo wa kuona. Akaacha kutoka nje. Akaacha hata kubishana, na wanaomjua wanasema hapo ndipo walipoogopa.

Wiki hizo Bi Mifuko aliokota sarafu kwenye mfuko wa joho la kuogea. Hotelini kuna utaratibu wake: kila kinachookotwa huandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya chumba. Simu, saa au pete, mwenyewe hutafutwa siku hiyohiyo. Chenji za ugenini hakuna anayehangaika nazo. Hukaa kwenye kopo la msimamizi siku tisini, na mwenyewe asipouliza, zinakuwa za aliyeziokota.

Siku tisini zilipokwisha, alienda na sarafu ile nyumbani na kumwekea mama yake kiganjani, basi tu, apate cha kushika.

"Akaipapasa kwa kidole gumba," anasimulia. "Kisha akasema, 'Paka huyu kanenepa shingo.' Nikamwambia, mama, huyo ni simba. Akasema simba ni nani kama si paka aliyenenepa shingo. Basi tukabishana mpaka chai ikapoa. Nilifurahi mno siku hiyo."

Tangu hapo kila paka mpya hupitia kwanza kwenye vidole vya bibi. Na kwa kuwa bibi hapendi uchafu, na binti yake ni dobi, kila sarafu iliogeshwa kwanza. Limau, magadi, mswaki wa zamani, maji mengi, kisha kitambaa kikavu. Zikang'aa zote kama vijiko vya harusi.

Mwaka huu akasikia kwamba chama cha wakusanyaji wa sarafu kitafanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Akaomba ruhusa ya nusu siku, akavaa vizuri, akakunja shuka lake, akaenda kuonana na katibu wa chama, keshia mstaafu anayetembea na kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba shingoni.

Katibu, ambaye leo ameshuka hapa chumba cha kufulia kumsalimia, anakumbuka siku hiyo vizuri. "Nilifungua kijifuko cha kwanza nikadhani macho yangu yana tatizo. Nikafungua cha pili. Nikamuuliza, mama, nani ameziogesha hizi?"

"Nikamwambia ni mimi," anadakia Bi Mifuko.

"Nikamuuliza kwa nini."

"Nikamwambia zilikuwa chafu."

Wote wawili wanacheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka. Katibu alimweleza kwa upole kwamba ule weusi wa sarafu kuukuu ndio umri wake, na ukiusugua haurudi. Sarafu iliyosuguliwa, kwa wakusanyaji, imeharibika. Na kanuni ya chama ni kwamba hakuna anayepewa nafasi kwenye kabati la kioo mpaka awe na angalau sarafu moja ambayo haijasuguliwa.

"Miaka kumi na moja nilikuwa naziua kwa mkono wangu mwenyewe," anasema Bi Mifuko. "Nilirudi kazini nikafua mapazia manane bila kusema na mtu. Fundi pasi akaniuliza, shoga, umefiwa?"

Lakini kulikuwa na tumaini ndani ya kopo la msimamizi. Wiki chache kabla, kwenye koti zito la kiume lililoletwa na mgeni wa kike wa chumba namba 614, alikuwa ameokota sarafu yenye paka asiye na mkia. Si kwamba umefichwa nyuma, hana kabisa. Ni paka wa kisiwa kimoja cha mbali, ambako paka wengine huzaliwa hivyo. Hata katibu alipoelezewa aliinuka kitini, akaliandika jina lake.

Basi Bi Mifuko akaanza kuhesabu siku. Ya tisini iliangukia wiki tatu kabla ya maonyesho. Akasaini kwenye daftari, sarafu ikawa yake kihalali. Ilikuwa na weusi masikioni na kwenye makunyanzi ya miguu, na mikono, anakiri, ilimwasha. Limau lilikuwepo jikoni. Hakuligusa.

Akampa mama yake.

Bibi alikaa na sarafu ile muda mrefu kuliko kawaida. Aliigeuza, akairudisha. Kisha akasema, "Huyu amepapaswa sana. Mgongo umelika, tumbo liko palepale. Kidole kimoja kimepita hapa miaka na miaka. Mwanangu, paka huyu ana mtu wake."

"Nikamwambia, mama, mtu wake angekwishauliza. Akasema labda hajui pa kuuliza. Nikamwambia ni yangu kwa mujibu wa daftari. Akasema, 'Sijakataa,' akanirudishia. Afadhali angekataa."

Bi Mifuko hafichi yaliyofuata. Alikasirika. Kwa siku mbili alimpa mama yake chai na chakula kwa heshima zote na bila neno la ziada. Alitaka kabati la kioo. Alitaka, kwa mara ya kwanza maishani, watu wapite mbele ya kitu chake wasome kadi yenye jina lake. Kila alipokikunjua kijifuko, alimwona paka, na akaona ule mgongo uliolika.

Siku ya tatu alipanda hadi mapokezi, mahali ambapo dobi hana shughuli. Akamwomba dada wa mapokezi atafute anwani ya mgeni wa chumba 614 na kumwandikia.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Dada wa mapokezi alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufulia, akazima mashine moja ili asikike, akasoma. Koti lilikuwa la marehemu mume wa mgeni yule. Alizaliwa kwenye kisiwa kile, na alitembea na sarafu hiyo mfukoni miaka thelathini, akiipapasa kila alipokuwa na jambo la kufikiria. Mama yule alidhani imedondoka njiani, na alikuwa amekwishaacha kuitafuta. Alikuwa na swali moja tu: je, bado ina weusi masikioni? Kwa sababu weusi ule ulikuwa wa kidole cha mumewe.

"Nikakaa juu ya mfuko wa sabuni," anasema Bi Mifuko. "Nikalia pale pale. Yaani ningekuwa sijaenda kwa katibu nikaaibishwa, ningemsugua. Ningemrudishia mjane wa watu kijiko."

Sarafu iliondoka kesho yake, imeviringishwa ndani ya kipande cha taulo.

Kilichobaki kilikuwa kwenda kumwambia katibu kwamba hana tena sarafu inayohitajika, afute jina lake. Siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya macho, kwa hiyo alifuatana na mama yake. Bibi aliketishwa kwenye kiti cha ofisi na kuambiwa asubiri. Bibi hajui kusubiri.

"Hao paka wako, mwanangu, naweza kuwashika?" akamuuliza katibu.

Katibu, mwenye miaka sitini na minane, ambaye hajaitwa mwanangu siku nyingi, alijibu kwamba sarafu zake haziguswi, jasho la vidole huziharibu. Bibi akamhurumia. Akaomba shuka la binti yake likunjuliwe mapajani, akaanza kuwataja: simba, simba mwingine mwenye kiburi, chui, yule wa masikio ya vishungi, paka wa nyumbani anayejilamba. Hakukosea hata mmoja. Kisha akamwamuru katibu afumbe macho naye ajaribu.

"Nilishika puma nikasema mbwa," katibu anakiri. "Mimi, miaka arobaini katika sarafu."

Akacheka mpaka kioo chake kikagonga meza. Halafu akachukua kitabu cha kanuni na kusoma tena, polepole, kwa sauti ya kikeshia. Kanuni inadai sarafu isiyosuguliwa kwa anayetaka kabati la kioo. Juu ya meza haisemi neno.

Maonyesho ni Jumamosi hii. Makabati kumi na manne yatakuwa na vibao vya kukataza kugusa. Meza moja, kwenye korido karibu na vyoo, itakuwa na kibao kinachosema "Shika." Bi Mifuko hajali korido. "Hakuna mtu asiyepita kwenda chooni," anasema. Katibu ameomba shule ya wasioona ilete wanafunzi wake wote ishirini na sita, na bibi ndiye atakayewapokea. Tayari ameagiza gauni lake lipigwe pasi mara mbili.

Mwaka ujao Bi Mifuko anataka kushona shuka la pili. Kijifuko cha arobaini na mbili hatakijaza. Amekiacha kifuniko wazi makusudi, kwa sababu anajua kuna mtoto atakayetia kidole mle ndani, akose kitu, na kuuliza huyu yuko wapi.

"Nimeshapanga jibu," anasema, akirudi kwenye toroli lake na kupindua mfuko mwingine. "Nitamwambia huyo amerudi kwao."